Zabibu Kavu

Jumanne jioni, ukumbi wa kanisa nje kidogo ya Fresno:
viti kumi na viwili vya plastiki, feni moja inayokohoa.
Mwalimu Maren amekuja na kengele ya shaba
na bakuli, na ndani ya bakuli, zabibu kavu.

Kazi yangu ni ulimi. Yeye asema Kiingereza,
mimi nakigeuza Kimishteki, lugha ya mama zangu hawa
waliotoka shambani saa tisa, wakaoga, wakasuka nywele,
wakaja kufundishwa kupumua.

"Chukueni moja," asema. "Iwekeni kiganjani.
Itazameni kana kwamba ndiyo kwanza mnaiona."

Nikakwama. Kisha nikatafsiri nilivyoambiwa,
maana mkalimani hana ruhusa ya kuona haya.

Kimya kikashuka, si kile alichokitaka Maren.
Domitila akaitazama zabibu, zabibu ikamtazama.
Ndipo Eufrosina, asiyesema hata akikanyagwa kidole,
akacheka kicheko kifupi, kikavu.

"Mwambie mwalimu, hii naijua.
Naijua tangu ikiwa na maji.
Nimeikata Agosti kwa kisu kilichopinda, nyigu usoni,
nikailaza juu ya karatasi, mchangani, kati ya mistari,
nikaigeuza ubavu, nikaikunja kama kichanga.
Karatasi mia tatu, mgongo mmoja.
Na Fidencio wangu aliangukia mstari wa kumi na nne
saa nane mchana, jua likimkausha naye.
Sasa niitazame kama mgeni?"

Nilisema yote. Sikutia sukari,
zabibu ilikuwa nayo ya kutosha.

Maren aliiweka kengele chini ya kiti.
Shingo ilimwiva. Hakujitetea.
Baada ya muda akauliza:
"Basi ni lini, katika siku yenu,
moyo hukaa pale mwili ulipo?"

Lile neno lililo kwenye bango lake, kwetu halina jina.
Nililizunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani,
nikaishia kusema: "Ni lini hamko mbali?"

Tránsito akasema: nikidondosha tone la maji kikaangoni
nikasikiliza kama udongo umeshika moto.
Hermelinda akasema: kamwe. Akainama.
Domitila akasema: kusuka ukili.
"Mama alisuka akitembea, akipanda mlima, akigombana na baba.
Mkono ukikosea, uliujua kabla ya jicho.
Lakini msituambie tufumbe macho.
Jangwani, njiani kuja huku, tulijifunza kulala na moja wazi."

Jumanne iliyofuata Domitila alileta mfuko wa unga,
ndani yake chane za majani ya mnyaa,
zimetumwa na shangazi kutoka milimani Oaxaca,
zinanuka moshi na mvua ya mahali nisipopajua,
mimi niliyezaliwa hapa, nyuma ya ghala la matandazo.

Maren alikaa kiti cha chini kuliko vyote.
Macho wazi, sote. Vidole vyake vilikuwa vijinga sana.
Akavuta, chane ikakatika. Akavuta tena, ikakatika.
Akaanza kujilaumu kwa sauti ndogo,
na hilo halikuhitaji mkalimani.

Eufrosina akamshika kifundo cha mkono.
"Usijigombeze. Umepotea tu.
Rudi pale ulipoachia, uanze hapo."

Nikafungua mdomo nitafsiri, nikaganda:
yalikuwa maneno ya Maren mwenyewe,
ya wiki ile, kuhusu pumzi,
neno kwa neno, yakirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.
Nikamwambia. Akaniambia nirudie.
Nikarudia, nisijue tena natoka upande upi.

Bakuli la zabibu lilikuwa bado dirishani.
Tulipokunja viti, Eufrosina alichukua moja,
akaitafuna polepole mno, akitazama maegesho,
na sote, hata feni nadhani, tukamngoja.

"Ya mwaka juzi," akasema. "Wamewauzia mabaki."